Mtu wenu akiwa Army Reserve Marekani, ulizeni karatasi mapema

Tangu mdogo wangu aingie Army Reserve kule Texas, watu wamekuwa wakinitafuta sana. Mama mmoja wa kanisani Mamboleo hapa Kisumu, jirani wa zamani wa Migosi, mzee mwingine alinishika mkono nikingoja matatu Kondele akasema kijana wake pia amevaa kombati na hajui aulize nini. Hadithi zao zinafanana, mtu ameshinda grini kadi, ameenda, amefanya kazi ya kutunza wazee ama ya bohari miezi kadhaa, halafu siku moja anatuma picha ameshanyolewa kipara na bendera iko nyuma yake. Familia huku inabaki na swali moja, sisi tunapata nini? Na wengi wanauliza kwa sauti ya chini kama wanaomba samahani. Mimi nasema ulizeni kwa sauti. Huyo ni mtoto wenu, ama bwana yako, na anaweza kutumwa mahali risasi zinalia, kwa hivyo kujua haki zake na zenu si tamaa.

Kwanza tuelewane huyu mtu ni nani, juu huku kwetu ukisema askari wa akiba wengi wanafikiria KPR, wale jamaa wa Baringo na West Pokot waliopewa bunduki walinde ng'ombe na vijiji, na kwa miaka mingi walifanya hiyo kazi ya kujitolea bila mshahara. Ya Marekani ni tofauti. Huyo ni mwanajeshi kamili, amepita mafunzo yale yale ya kurutu, ila baada ya hapo anarudi kwa kazi yake ya raia na jeshi linamwita wikendi moja kila mwezi na wiki mbili hivi kila mwaka. Hiyo wikendi wanaihesabu kama drili nne, na kila drili inalipwa kama siku moja ya mshahara wa msingi. Kwa hivyo mwezi wa kawaida mtu wenu analipwa siku nne za jeshi, basi. Naandika hii wazi juu nimeona vile watu hubadilika wakisikia mtoto yuko jeshi la Marekani, bili za karo za binamu zinaanza kutumwa, mchango wa paa la kanisa unaongezwa. Mwacheni apumue. Mkate wake bado unatoka kwa ile kazi ya raia.

Lakini pia msimchukulie kama mtu wa wikendi tu. Tarehe 28 Januari 2024 droni ililipuka kwa kambi moja ndogo huko Jordan, wanaiita Tower 22, ikaua wanajeshi watatu wa Marekani wakiwa wamelala, na wote watatu walikuwa wa Army Reserve kutoka jimbo la Georgia, kikosi cha uhandisi. Watu wenye kazi zao nyumbani na mama zao, kama huyu wetu. Hiyo wiki mama yetu hakulala, na ndio wakati mimi nilianza kusoma haya mambo kwa makini na kumsumbua mdogo wangu kila jioni kwa simu.

Na nilichogundua, na ndicho nataka kila familia ielewe, ni kwamba haki nyingi za mwanajeshi wa akiba hazikuji zenyewe. Mtu wa jeshi la kudumu mambo mengi yanamfuata kila siku, bima ya matibabu, nyumba, kila kitu. Wa akiba inategemea vitu viwili, yuko kwa oda ama hayuko, na karatasi zake zinasema nini. Oda ni ile barua ya jeshi inayomwita kazini kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Akiwa kwa oda ya zaidi ya siku 30, bibi na watoto wanapata TRICARE, bima ya matibabu ya jeshi, kama ya mtu wa jeshi la kudumu, bila kulipia kila mwezi. Oda ikiisha, hiyo bima nayo inaisha, ingawa akiwa alikuwa ameitwa kwa operesheni kubwa wanaongezewa siku 180 za kujipanga.

Sasa miezi yale mengine yote, yenye hana oda, kuna kitu kinaitwa TRICARE Reserve Select. Hii ni ya kununua. Lazima yeye mwenyewe ajisajili na alipe kila mwezi, na mwaka 2025 ilikuwa dola 53.80 akiwa peke yake, dola 274.48 akiweka familia. Ukilinganisha na bei ya bima ya kawaida huko Marekani hiyo ni rahisi sana, watu wengine wanajiunga na akiba kwa sababu ya hiyo bima peke yake. Kitu chenye wengi hawajui ni kwamba inafanya kazi hata nje ya Marekani. Yaani bibi yake akiwa Kisumu na watoto, bado wanaweza kufunikwa. Ila usifikirie utafika hospitali uonyeshe kadi uketi. Huku unalipa kwanza kutoka mfukoni, halafu unadai urudishiwe, na kuna kiasi cha mwanzo kila mwaka chenye unabeba mwenyewe kabla waanze kulipa sehemu yao.

Hapa wacha niwaeleze polepole juu ndio pesa hupotea. Mtoto wa mdogo wangu alilazwa na malaria hapa mjini, hospitali ya kibinafsi, sitaitaja. Shemeji akalipa kwa M-Pesa, akapewa risiti moja ndogo imeandikwa huduma za matibabu na jumla ya pesa chini yake. Hiyo haitoshi. Wanataka bili yenye imechambuliwa, kila kitu na bei yake, kitanda siku ngapi, maabara walipima nini, dawa gani, daktari alisema ugonjwa ni gani, jina la mtoto vile liko kwa cheti cha kuzaliwa, tarehe, muhuri. Halafu wanataka uthibitisho ya kwamba ulilipa kweli. Yule kijana wa kwa dirisha alimwambia arudi Jumatatu, Jumatatu akaambiwa mwenye kompyuta hayuko, mpaka shemeji akaketi pale kwa benchi na mtoto mgongoni akasema hatoki. Akapewa kurasa tatu. Tukaambatisha na statement ya M-Pesa, mdogo wangu akajaza fomu inaitwa DD 2642, ikaenda. Kwa matibabu ya nje ya Marekani mna miaka mitatu ya kudai tangu siku ya matibabu, lakini usingoje, risiti za huku wino unafutika kabla mwaka uishe. Mimi nilimwambia shemeji apige picha kila karatasi siku hiyo hiyo na aweke kwa imeli.

Lakini kabla ya yote hayo mwanajeshi lazima awe amewasajili kwa mtambo wao unaitwa DEERS. Hapo ndipo familia nyingi za kwetu zinakwama, juu DEERS haijui ng'ombe. Mdogo wangu alipeleka mahari, wazee walikaa, mbuzi alichinjwa, kuna video ya saa nzima watu wakicheza chini ya hema. Kwetu hiyo ni ndoa na hakuna mtu anaweza kuibishia. Yule mama wa ofisi ya vitambulisho huko Texas akamuuliza kitu kimoja tu, cheti kiko wapi. Na hakikuwa. Huku Kenya sheria ya ndoa ya mwaka 2014 inasema ndoa zote zisajiliwe, hata ya kimila, na ya kimila mnafaa kumjulisha msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika. Maombi yanaanzia eCitizen. Watu wetu hawafanyi hiyo kitu, wanaona ni ya watu wa harusi ya gauni. Mdogo wangu alikuja Desemba, na badala ya kuzunguka Dunga kula samaki kama vile alikuwa amepanga, siku zake nyingi ziliishia kwa foleni na bibi yake, lakini alirudi na cheti. Bila hicho cheti shemeji hangekuwa na bima wala jina popote.

Kama ni come-we-stay, mnaishi tu pamoja bila ndoa, nawaomba, shughulikieni kabla mtu apande ndege. Na akiwa na bibi wawili, wajue mapema ya kwamba Marekani itamtambua mmoja tu kama mke. Watoto nao wanahitaji vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba, na kama wazazi hawakuwa wameoana wakati huo kutakuwa na maswali zaidi ya kuthibitisha ni wake, bora kuanza mapema. Majina pia yafanane. Wanjala kwa pasipoti na Wanjalla kwa cheti, hiyo peke yake inaweza kukula miezi.

Wazazi ndio huumia na hii sehemu. Mama yetu alifikiria atapata kadi ya matibabu ya Marekani, na kusema kweli ilinibidi nimweleze pole pole. Mzazi hahesabiwi kuwa mtegemezi juu tu amemzaa mwanajeshi. Lazima mwanajeshi aonyeshe ya kwamba yeye ndiye anabeba zaidi ya nusu ya matumizi ya huyo mzazi, kwa rekodi, na jeshi lenyewe liamue. Na hata akikubaliwa, mzazi hapati ile TRICARE ya kawaida yenye bibi na watoto wanapata. Kwa hivyo ile SHA ya mama endeleeni kulipa, na kama mnaweza bima nyingine ya huku, fanyeni.

Sasa twende kwa ile yenye watu wanaogopa kuongea, kifo. Nimeona tunavyokwepa hii mada nyumbani, mtu akianza tu mwingine anasema ashindwe. Lakini hapa ndipo kuna pesa nyingi zaidi na ndipo familia hupasuka, kwa hivyo mimi naongea.

Kuna bima ya maisha inaitwa SGLI. Tangu Machi 2023 kiwango cha juu ni dola 500,000, na mwanajeshi wa akiba anayehudhuria drili zake anaweza kufunikwa mwaka mzima, usiku na mchana, hata akifa kwa ajali ya gari akienda dukani siku ya kawaida. Anakatwa pesa kidogo kwa mwezi, kuanzia Julai 2025 ni dola 26 kwa kiwango kizima. Ukiingia jeshini inaanza yenyewe mpaka ukatae ama uipunguze, na kuna vijana hupunguza ili wabaki na hizo dola, ya kwamba mimi bado kijana. Mwambieni asiguse.

Halafu kuna nyingine tofauti, watu huzichanganya, inaitwa death gratuity, ni dola 100,000, haikatwi ushuru. Hii ya pili kwa kawaida inalipwa kama amekufa akiwa kazini, yaani kwa oda, ama kwa drili, ama njiani akienda moja kwa moja kwa drili ama akirudi. Akifa Jumanne akiwa kazi yake ya raia, hakuna. Najua familia moja upande wa Vihiga ilingoja hiyo pesa ya pili muda mrefu sana, wakiamini wamedhulumiwa, na hakuna mtu alikuwa amewaeleza ya kwamba kijana wao hakuwa kwa oda wakati huo. Matanga yakaisha, madeni ya matanga yakabaki, na kila mtu anashuku mwenzake ya kwamba amekula.

Na hizi pesa zinaenda kwa nani? Zinaenda kwa jina lenye liko kwa fomu. Si kwa kifungua mimba ama yule alilia zaidi. Wosia wenyewe haubadilishi SGLI. Kuna kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1981, Ridgway dhidi ya Ridgway. Sajini mmoja wa jimbo la Maine aliachana na mke wake, na korti ya pale ikamwamuru aweke bima ya jeshi kwa jina la watoto wake. Akaoa mwingine, akabadilisha fomu iseme pesa ziende vile sheria inasema, na sheria inaanza na mke. Akafa muda mfupi baadaye. Watoto na mama yao wakashtaki, na Mahakama ya Juu ikasema fomu ndio inashinda, mke wa pili akachukua. Hebu fikiria hiyo, amri ya korti iko na bado fomu imeshinda. Sasa wewe utaenda kubishana na fomu ukiwa na minutes za mkutano wa ukoo?

Akiwa hajaandika mtu yeyote, sheria inaenda kwa mke, akikosa ni watoto, wakikosa ni wazazi, inaendelea hivyo. Akiwa ameandika ndugu yake wakati alikuwa hajaoa na hakubadilisha, ni ndugu anachukua, na bibi anabaki na watoto hivyo tu. Akiwa ameoa na anaandika mtu mwingine, jeshi linafaa kumjulisha mke, lakini mke hawezi kuzuia. Na akiwaandika watoto wadogo kwa majina yao, akifikiria amewalinda, pesa hazipewi mama yao hivi hivi, zinangoja mlezi mwenye ameteuliwa na korti. Hiyo huchukua muda na mawakili wanalipwa. Mdogo wangu aliamua kuandika bibi yake sehemu kubwa na mama sehemu, na akatuambia wote kwa simu moja, kila mtu akisikia, shemeji akiwa ameketi hapo karibu na mama. Kulikuwa na kimya kidogo, halafu mama akasema sawa, nimesikia. Hiyo simu ilikuwa ngumu lakini nashukuru Mungu ilifanyika.

Hiyo death gratuity iko na fomu yake, DD 93, na inaweza kugawanywa kwa asilimia kumi kumi, mtu huyu thelathini, yule kumi. DD 93 iko na kitu kingine chenye kwetu huku ni kizito kuliko hata pesa. Kuna mahali mwanajeshi anaandika ni nani ataamua mwili wake uzikwe wapi na vipi. Mtu mmoja tu, mke ama mtu wa damu. Wewe ukiwa umekulia Nyanza ama Magharibi huhitaji kuelezwa hiyo ina maana gani. Tunaijua kesi ya wakili S.M. Otieno, alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui anataka amzike huko Matasia karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager unataka kijijini kwao Nyalgunga, korti juu ya korti, akazikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano mwili ukiwa mochari na nchi nzima inafuatilia. Watu wangapi bado wanapigana hivyo hapa kila mwaka, kimya kimya? Jeshi la Marekani halitaita wazee. Litasoma jina kwa fomu na kumpigia huyo mtu. Kwa hivyo kama kuna makubaliano ya nyumbani ya mahali pa kuzikwa, yule mtu ameandikwa hapo ayajue na ayakubali mtu wenu akiwa hai.

Kuna kitu cha tatu hapa, cha wakati mtu ameumia lakini hajafa. Mdogo wangu alianguka kwenye mafunzo ya mwaka, goti likafura. Yeye akataka kunyamaza arudi nyumbani aweke barafu, vijana wa kwetu wamelelewa kuvumilia. Kuna sajini Mkenya mwenzake kwa kikosi akamwambia kwa Kiswahili, wewe usitoke hapa bila karatasi. Karatasi yenyewe inaitwa line of duty, ni uchunguzi wa kuthibitisha aliumia akiwa kazini. Bila hiyo, Jumatatu asubuhi yeye ni raia mwenye goti bovu na bili ni yake. Nayo ikiwepo, matibabu ya hilo goti ni ya jeshi, na baadaye likikataa kupona anaweza kudai fidia ya kila mwezi kutoka VA, idara ya serikali ya watu waliotumikia jeshi, hata kama aliumia kwa wikendi moja ya drili. Yule sajini Mungu ambariki kweli, juu goti mpaka leo linamsumbua wakati wa baridi na faili yake iko.

Kuhusu masomo nitaenda haraka. Akisaini miaka sita ya akiba anaweza kupata GI Bill ya askari wa akiba, yaani pesa za kusomea, chini kidogo ya dola 500 kwa mwezi akisoma full-time, kwa miezi isiyozidi 36. Hii hawezi kumpa mtoto. Ile kubwa ya Post-9/11, yenye inaweza kuhamishiwa mke ama watoto, inahitaji awe ameitwa kazini angalau siku 90 kwa jumla, na asilimia inapanda kulingana na muda, na ili ahamishe lazima awe ametumika miaka sita na akubali mingine minne. Hiyo ya kuhamisha anaifanya akiwa bado ndani ya jeshi. Akitoka ndio akumbuke watoto, amechelewa.

Uraia ndio unagusa wengi wa huku zaidi. Kwa amri ya Rais George W. Bush ya Julai 2002, muda wote tangu 11 Septemba 2001 unahesabiwa kama kipindi cha vita, na mwenye grini kadi anayetumika kwa heshima, hata akiwa kwa kikosi cha akiba, anaweza kuomba uraia bila kungoja ile miaka mitano ya kawaida, na halipi ada. Jeshi lazima lithibitishe utumishi wake kwa fomu N-426. Ukweli ni kwamba familia inafaidika hapa kuliko kwa ile pesa ya drili, juu raia anaweza kumuombea mke wake bila kungoja nafasi ya foleni, na akiwa na miaka 21 anaweza kuwaombea wazazi. Mwenye grini kadi hawezi kuwaombea wazazi kabisa.

Na kazi yake ya raia, iko na ulinzi. Sheria inaitwa USERRA, ya 1994. Mwajiri hawezi kumfuta juu ameitwa jeshini, na akirudi anarudishiwa kazi yake pamoja na nyongeza yenye angepata kama angekuwepo, kwa jumla ya miaka mitano ya kuwa nje na huyo mwajiri. Lakini lazima atoe taarifa kabla ya kwenda na arudi kwa muda. Akiwa nje chini ya siku 31, anaripoti shifti inayofuata baada ya kufika nyumbani na kupumzika masaa manane. Siku 31 mpaka 180, ana siku 14 za kuomba kazi yake. Zaidi ya hapo, siku 90. Mwajiri wa kwanza wa mdogo wangu alimpa mtu mwingine shifti zake zote alipoenda mafunzo, akaambiwa zitarudi zikipatikana. Aliandikia ESGR, hawa ni watu wa serikali wanapatanisha askari wa akiba na waajiri bila malipo, na wiki chache shifti zikarudi. Kuna Wakenya huko wanaogopa kulalamika wakifikiria watafukuzwa nchini. Hiyo ni sheria ya nchi yenyewe inawalinda, waitumie.

Pensheni iko, ila ni ya mtu mvumilivu. Miaka 20 mizuri, na mwaka mzuri ni wenye pointi 50. Anapata 15 kwa kuwa mwanachama tu, drili za mwaka mzima zinaleta 48, mafunzo ya mwaka yanaongeza kama 14, kwa hivyo akihudhuria hakosi. Akiruka drili ovyo huo mwaka hauhesabiwi kwa ile 20 hata akiwa na pointi 49. Pesa zenyewe kwa kawaida zinaanza akifika miaka 60. Akipata ile barua ya kutimiza miaka 20, kuna uamuzi ndani ya siku 90 kuhusu kama mke ataendelea kupata sehemu ya pensheni yeye akifa, na kupunguza haki ya mke kunahitaji sahihi ya mke. Akina dada mkiletewa karatasi ya kusaini kutoka huko, someni kwanza.

Sasa, wengine wataniambia mtu wao hataki kuongea, anasema ni mambo ya jeshi. Hizi fomu hazina siri ya jeshi ndani yake, ni mambo yake mwenyewe. Wewe kama familia ukipigia kikosi hawatakwambia kitu, na hiyo ni haki yake. SGLI anaiangalia mwenyewe kwa tovuti ya milConnect na kubadilisha jina hapo hapo, DD 93 anaomba ofisi ya kikosi wikendi ya drili. Muulize tarehe ya mwisho alizifungua ni lini. Kama ni kabla aoe, ama kabla mtoto azaliwe, ama kabla baba yenu afariki, basi azifungue tena wikendi hii akienda drili.